Mita 90 hazitoshi kwa daraja la kupita juu ya reli

Habari mkuu. Umeuliza kama mita 90 kati ya reli na makutano ya barabara kuu zinatosha kujenga daraja, ili kile kivuko chenye geti kifungwe. Kwa daraja la kupita juu, hazitoshi.

Anza na kimo. Reli ikiwa na nyaya za umeme kama SGR yetu ya Tanzania (reli ya kisasa), kwa hesabu ya awali mimi huacha mita 6.5 juu ya reli, naongeza 1.5 za unene wa daraja. Jumla 8. Kipimo rasmi kiombe kwa maandishi shirika la reli kabla hujamlipa mchoraji. Kwa mwinuko wa asilimia 5, yaani kupanda mita 5 kwa kila mita 100, unahitaji mita 160 kila upande, bado hujalainisha kilele na mwisho wa mteremko. Ukilazimisha 90, mwinuko unakaribia asilimia 9, na lori la saruji likisimama katikati ya foleni litapata shida kuondoka.

Kwa hiyo ama daraja livuke na makutano yenyewe, ama barabara ipite chini ya reli. Chini kimo ni kidogo, ila kwa Dar uliza kwanza maji ya masika yatatolewa kwenda wapi.

Na tafadhali, usiwasahau waenda kwa miguu. Mama mwenye beseni la samaki kichwani hatazunguka mita 300. Atapenya kwenye uzio na kukatiza relini palepale. Kivuko chao kiwe kwenye bajeti ileile, chenye ngazi fupi na njia ya mikokoteni.