Wanataka kisarawanda, na mimi si bikira

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 25, naishi Mbagala, naolewa baada ya mfungo. Nikiwa chuo niliwahi kuwa na mwanaume. Mchumba wangu hajaniuliza, nami sijamwambia. Sasa shangazi zake wametuma salamu kuwa usiku wa harusi watataka kisarawanda, kile kitambaa cha kuonyesha damu ya ubikira. Rafiki yangu kanipa shabu, mwingine anasema yupo daktari anayeshona. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Hiyo shabu itupe leo hii. Ni jiwe la kusafishia maji, si la kuweka ukeni. Linakausha na kuchubua, na penye mchubuko maradhi hupata njia. Kama umeshaitumia na unasikia kuungua, nenda kituo cha afya useme ukweli. Usione haya.

Sasa huyo daktari. Anachofanya ni kuvuta mabaki ya kizinda na kuyaunga kwa uzi. Unaweza kupata maambukizi, kovu, maumivu wakati wa tendo, na bado damu isitoke. Maana kizinda si kifuniko. Kingekuwa kifuniko, damu ya mwezi ingepita wapi? Ni ukingo laini wa ngozi, kila mwanamke na wake. Kuna wanaozaliwa nacho kidogo mno, kuna ambao kinatanuka tu bila kuchanika, na wengi hawatoki hata tone siku ya kwanza. Hata mkunga mzoefu hawezi kukutazama akajua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na wenzake wa Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe popote duniani, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi. Uingereza imeharamisha vyote viwili, kupima na kushona, kwa sheria ya 2022.

Hao shangazi siwatukani. Nimekulia kwenye mila hizo na ninajua kisarawanda kilibeba nini. Hakikuwa cha bibi harusi peke yake. Kilikuwa sifa ya mama aliyelea na ya somo aliyefunda; kikitoka chumbani na alama, vigelegele vinapigwa, zawadi zinatolewa, na ukoo mzima unatembea kifua mbele. Heshima ya watu wote hao ilitundikwa kwenye mwili wa binti mmoja. Kaka yake je? Yeye hakutandikiwa kitambaa na mtu. Linaloniuma zaidi ni mabinti ambao hawakuwahi kuguswa, damu haikutoka, wakasemwa mpaka wakazeeka na aibu isiyo yao.

Kwa hiyo usihangaike na shangazi. Mwenye kauli hapa ni mchumba wako. Yaliyotokea chuoni si deni unalodaiwa naye. Utamwambia ukitaka mwenyewe, na kama wewe ni mtu wa dini unajua stara ina nafasi yake. Lakini akikuuliza, usimdanganye. Uongo huo utaulinda kila usiku, nami nisingependa uishi hivyo.

La kitambaa ndilo la kumwambia sasa. Mwambie hivi: "Mambo ya chumbani kwetu ni yetu wawili. Sitaki kitambaa kitoke. Utawaambia shangazi zako?" Kisha nyamaza, msikilize. Akisema atalisimamia, umepata mume. Akisema "ni mila, vumilia", umejua mapema kuwa siku nyingine pia atakuacha peke yako mbele ya ndugu zake. Na akikugeuzia swali, "kwani unaogopa nini?", hapo ndipo utaamua kama unamwamini kiasi cha kumweleza. Sheria ya Ndoa ya 1971 haisemi popote kuwa ubikira ni sharti la kuolewa, hivyo asikutishe mtu kwa hilo.

Mwite mkae mzungumze wiki hii, kabla vikao vya harusi havijaanza na watu hawajatoa michango.