Kigumba cha kufunguka kwa upinde wa mti
Hapana mkuu, umeuliza kama shemeji yako wa Texas awindie kigumba cha kufunguka, yaani ncha ya mshale ambayo makali yake hufunguka ikigonga: aachane nacho. Kikigonga kulungu, kinakula nguvu ya mshale ili kifunguke, na upinde wa mti unaovutwa kwa nguvu ya ratili 45 hauna nguvu ya kuchezea. Achukue kigumba kisichofunguka, cha makali mawili, mshale mzima ufike kama gramu 29. Makali ndiyo kila kitu: kisiponyoa nywele za mkono, narudi kwenye tupa. Niliwinda huko Texas miaka minne (hapa Tabata nalenga gunia la mitumba tu). Ila ratili zilizoandikwa upindeni ni za kamba ikivutwa hadi inchi 28. Akivuta pungufu, nazo zinapungua.