Baba alipigana vita vya Kagera, sasa anasahau dawa: tumfanyishe mazoezi gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ana miaka 71, ni mstaafu wa JWTZ, na alipigana vita vya Kagera. Anaishi Kibosho na kaka yangu, mimi niko Arusha. Hospitali wamesema ana demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu na akili, ya hatua za mwanzo. Anasahau vidonge vya presha, anauliza jambo moja mara tano, lakini habari za kuvuka mto Kagera anazisimulia bila kukwama. Kaka humpa mtihani kila asubuhi: leo siku gani, mjukuu huyu nani? Baba anakasirika. Mimi nimemwekea michezo ya kumbukumbu kwenye simu. Ni mazoezi gani yanayosaidia kweli? – Binti wa mzee, Sakina.

JIBU: Marahaba, binti. Poleni kwa kuuguza.

Mwombe kaka yako aache huo mtihani, kuanzia kesho asubuhi. Najua anaufanya kwa mapenzi, ila unamrudisha mzee nyuma. Mtu mwenye kumbukumbu dhaifu akibahatisha jibu, kosa lenyewe ndilo linalobaki kichwani; masahihisho mliyompa yanapotea. Watafiti wa Uingereza, Baddeley na Wilson, walilionyesha hili mwaka 1994: waliopoteza kumbukumbu walijifunza vizuri zaidi walipozuiwa kukosea tangu mwanzo. Kwa hiyo mpeni jibu kwanza, kisha mwulizeni.

Tuseme mnataka ajue vidonge viko wapi. Chagueni mahali pamoja pa kudumu, mathalani kikapu chekundu juu ya kabati. Kaka akae naye redio ikiwa imezimwa, amwambie: “Baba, vidonge viko kwenye kikapu chekundu. Viko wapi?” Ajibu, ainuke, akaguse kikapu. Baada ya sekunde 15 aulizwe tena kwa maneno yale yale. Halafu sekunde 30, dakika moja, mbili, nne, nane. Katikati wazungumze mambo mengine au wamenye ndizi. Akisita, asiachwe ahangaike: aambiwe jibu papo hapo, alirudie, kisha warudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Kesho yake waanze kwa swali hilo hilo. Jambo moja tu kwa wakati, mpaka liwe mazoea. Ndipo mhamie jingine, kama vile kutazama daftari la siku linaloning'inia ukutani.

Zoezi hili linafanya kazi kwa sababu demensia, hasa ya aina ya Alzheimer, huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayoingiza habari mpya, iitwayo hipokampasi. Habari za zamani zimeshasambaa kwingine, na mazoea ya mwili yana njia yake tofauti. Ndiyo maana Kagera bado ipo na chakula cha mchana hakipo. Michezo ya simu akiipenda acheze, lakini itamfanya hodari wa michezo hiyo, haitamkumbusha vidonge.

Kwa mzee aliyekuwa askari kuna mambo matatu ya kuangalia zaidi. La kwanza ni masikio. Mizinga na bunduki huharibu usikivu, na neno lisilosikika vizuri haliwezi kuhifadhiwa. Apimwe.

La pili ni vita vyenyewe. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia askari wa zamani zaidi ya 180,000. Wale waliobaki na kiwewe cha vita walipata demensia karibu mara mbili ya wenzao. Kiwewe humkatisha mtu usingizi, na usingizini ndiko ubongo unakopanga ya siku nzima. Ulizeni kwa upole kama anaota ndoto za kutisha au anashtuka usiku. Simulizi za vita ziwe zake: akitaka kusimulia, sikilizeni, msimchimbe kuhusu waliokufa. Mkiona mikono inatetemeka au jasho linamtoka, hamisheni mazungumzo taratibu, na mweleze daktari wa afya ya akili.

La tatu ni pombe na dawa. Mbege ya kila jioni, vidonge vya usingizi, piriton (dawa ya mzio), amitriptilini (dawa ya sonona na maumivu), vyote huvuruga kumbukumbu za mzee. Siku ya kliniki bebeni dawa zote anazotumia, hata za duka la mtaani. Ulizeni pia kama amepimwa vitamini B12, tezi ya shingo, sukari, kaswende na VVU, kwani baadhi ya hayo yakitibiwa mapema mtu hupata nafuu.

Zaidi ya hayo, asikae peke yake. Pale jirani zenu wilayani Hai kulifanyika utafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2017: wazee 34 wenye demensia walishiriki vikao 14 vya kikundi ndani ya wiki saba, na uwezo wao wa akili ukapanda. Siri ya vikao vya namna hii ni kuuliza maoni. Badala ya “mwaka gani ulijiunga na jeshi?” uliza “Baba, mwanajeshi mzuri unamjuaje?” Hapo hakuna jibu la kukosa. Alikeni wazee wenzake wawili watatu siku moja ya wiki: drafti, methali, nyimbo za mchakamchaka, kahawa mpya ikionjwa. Kwa kupangiwa mazoezi yanayolingana na hali yake, ombeni rufaa ya kwenda kitengo cha tiba kazi (wanaomsaidia mgonjwa kumudu shughuli za kila siku) katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Demensia hii haitaondoka kwa mazoezi, lakini vidonge vikimezwa kila siku bila kugombana, presha inatulia na ubongo unalindwa dhidi ya kiharusi. Usahaulifu ukizidi ghafla ndani ya saa au siku chache, au akianguka na kugonga kichwa, au mdomo ukipinda, msisubiri siku ya kliniki. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo.