Maswali ya Wasomaji: Daftari la Kaunta Nalo Limo Ndani ya Sheria

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tumechagua nne, mojawapo ikiwa imevuka mpaka kutoka Mombasa.

Swali: Ndugu mwanasheria, mimi ni wakala wa kuweka na kutoa pesa kwa simu hapa Morogoro. Sina kompyuta. Kila mteja anayetoa pesa huandika katika daftari lililo juu ya kaunta jina lake, namba ya simu, namba ya kitambulisho na kiasi, kisha hutia saini. Jirani yangu anasema hiyo sheria ya mitandao itanikamata na mimi. Ni kweli?

Jibu: Jirani yako hajakosea, ila kwa kuiita sheria ya mitandao. Sheria inazitafsiri taarifa binafsi kuwa ni taarifa zinazomhusu mtu anayeweza kutambulika, zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile, na maneno hayo ya mwisho yanaliingiza daftari lako sawasawa na kompyuta ya benki. Tena daftari hilo ni zito kuliko unavyodhani, kwa kuwa miamala ya fedha ya mtu imewekwa katika kundi la taarifa nyeti, pamoja na afya na imani ya dini.

Taarifa nyeti huchakatwa kwa ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja, likiwemo la kutimiza matakwa ya sheria nyingine. Huduma za fedha zinabanwa pia na sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha haramu, kwa hiyo hakuna anayekukataza kuuliza kitambulisho. Tatizo ni namna daftari linavyokaa. Anayekuja kusaini saa nne asubuhi anasoma, hata bila kukusudia, kwamba aliyemtangulia ametoa laki tatu, na namba yake ya simu iko hapo hapo pembeni. Mimi mwenyewe nimewahi kumshuhudia kijana akinakili namba ya binti aliyekuwa ametoka dukani dakika hiyo hiyo, na mwenye kaunta akacheka tu.

Kuhusu usajili, sheria inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na haikuweka kiwango cha mauzo ambacho mfanyabiashara akiwa chini yake anasamehewa. Muda wa kujisajili kwa hiari ulipangwa uishe tarehe 31 Desemba 2024, kisha ukasogezwa hadi tarehe 30 Aprili 2025. Hata hivyo, sheria inamtenganisha mkusanyaji, ambaye ndiye anayeamua taarifa zichukuliwe kwa lengo gani na kwa njia gani, na mchakataji, ambaye anafanya kazi hiyo kwa niaba yake. Kabla ya kulipia chochote, chukua mkataba wako wa uwakala, uusome, kisha uiulize kampuni iliyokupa laini kama daftari ni lake au ni lako, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloonyesha unajisajili kama nani.

Wakati unasubiri, kata karatasi ngumu yenye tundu la mstari mmoja uiweke juu ya ukurasa, ili mteja aone mstari wake peke yake. Daftari lililojaa lifungie kabatini kwa muda wote unaotakiwa kulitunza, na muda huo ukiisha liteketeze. Tafadhali usimpe muuza karanga akafungie bidhaa zake.

Swali: Nina saluni Tanga. Tukimaliza kumsuka mteja tunampiga picha na kuiweka kwenye kurasa zetu za mtandaoni. Mmoja amekuja juu na kudai fidia, ingawa alitabasamu wakati anapigwa. Tabasamu si ridhaa?

Jibu: Si ridhaa ya kutumiwa kutangaza biashara. Alikubali kupigwa picha, na hilo ni jambo moja. Kuitumia sura yake kuvutia wateja wengine ni lengo la pili ambalo alipaswa kuelezwa kabla. Iondoeni picha leo, mkamwombe radhi, na kuanzia sasa muwe na kijikaratasi kinachosema picha itawekwa wapi na kwamba mteja anaweza kubadili mawazo wakati wowote bila kutoa sababu. Nchini Kenya, mnamo Septemba 2023, ukumbi mmoja wa starehe ulitozwa faini ya shilingi 1,850,000 za nchi hiyo kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotumika bila ridhaa ya wazazi. Uamuzi huo hauibani Tume yetu, lakini mazingira yake hayana tofauti kubwa na ya saluni yako.

Swali: Mimi nina nyumba ndogo ya wageni Mombasa, vyumba sita na wafanyakazi watatu. Nimesikia kwamba biashara ndogo hazihitaji kujisajili kwa Kamishna wa Data. Je, nimepona?

Jibu: Hujapona. Ni kweli kwamba kanuni za Kenya za mwaka 2021, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, zinawasamehe wenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10. Msamaha huo hauzigusi sekta zilizoorodheshwa, kama vile elimu, afya, huduma za fedha na ukarimu, na nyumba ya wageni ni ukarimu. Ada ya biashara ndogo iliwekwa shilingi 4,000, na cheti hudumu miezi 24.

Swali: Nimepigiwa simu nikiwa kazini Mwanza na watu wa programu ya mikopo, wakidai rafiki yangu hajalipa na kwamba mimi ni mdhamini wake. Sijawahi kumdhamini. Namba yangu wameipata wapi?

Jibu: Kwa kawaida wameitoa katika orodha ya majina iliyomo kwenye simu ya rafiki yako, ambayo aliifungua mwenyewe alipobonyeza neno la kukubali. Yeye anaweza kuridhia kuhusu taarifa zake, lakini hana mamlaka ya kuridhia kwa niaba yako. Na wewe huwi mdhamini kwa kuwa jina lako limehifadhiwa katika simu ya mkopaji. Kwa hiyo usilipe hata senti.

Tunza tarehe za simu, namba zilizokupigia na ujumbe wote, kisha upeleke lalamiko kwa Tume, ambayo inatakiwa kulishughulikia ndani ya siku 90, muda unaoweza kuongezwa. Angalia pia kama mkopeshaji huyo ana leseni, kwa maana mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake; kama yake imo, mpelekee Benki Kuu taarifa tofauti. Sheria imeweka faini ya shilingi milioni 1 hadi bilioni 5 kwa kampuni inayofichua taarifa za watu isivyo halali, na kwa mtu binafsi ni shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Wakikupigia tena, waulize jina la kampuni iliyosajiliwa na namba ya leseni, uandike watakachojibu.