Kukagua baada ya kuzidisha ni kuchelewa

Ndugu, umeuliza kwa nini kiendeshi chako (programu inayounganisha kifaa na mfumo endeshi) kimetajwa kuwa na kasoro ya usalama ilhali kinakataa kila ombi linalozidi baiti 65,536. Tatizo ni kwamba unakagua zao, yaani jibu la idadi ya rekodi mara ukubwa wa kila moja, baada ya kuzidisha, wakati namba imekwisha kuharibika. Kigezo chako (nafasi inayohifadhi namba hiyo) ni cha biti 32, ambacho hakiwezi kuvuka 4,294,967,295. Kikipita hapo huanza tena sifuri, kama mita ya lori kuukuu la njia ya Kigoma na Kasulu inayomaliza 99,999 na kulifanya gari lionekane jipya (wanunuzi wa huku wanalijua hilo). Programu ya mtumiaji wa kawaida ikiomba rekodi 268,435,457 za baiti 16 kila moja, zao linalobaki ni 16 tu, ukaguzi unapita, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) inatenga kumbukumbu ya baiti 16, kisha kitanzi chako (amri zinazojirudia) kinanakili rekodi kwa idadi ile ya awali na kuandika juu ya kumbukumbu isiyo yake. Mshambuliaji stadi akipanga vyema data zilizo jirani na eneo hilo, anaweza kujipatia mamlaka ya msimamizi mkuu.

Kompyuta ya biti 64 haikuokoi ikiwa kigezo chenyewe kimebaki cha biti 32. Gawanya kwanza: 65,536 kwa 16 ni 4,096, basi idadi ya rekodi ikizidi hapo, rudisha kosa kabla ya kuzidisha chochote. Kwenye Linux, ambako kmalloc ni amri ya kuomba kumbukumbu ya kerneli, tumia pia kmalloc_array badala yake, kwa kuwa hukataa ombi ambalo zao lake linafurika, yaani linapita kikomo.