Kinacholindwa ni saa, si behewa

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: kiongozi anayesafiri kwa treni wakati wa vita huokolewa zaidi na nini, chuma au siri? Najibu siri, tena siri yenyewe ni finyu. Treni haifichiki. Msafara wa magari ukishtukia jambo hukata kona na kupita njia za panya, lakini treni haina kona ya kukata. Reli imelazwa pale miaka na miaka, adui ana ramani yake, madaraja yote anayajua. Yanabaki mambo mawili tu ya kuficha: inapita saa ngapi, na ndani yumo nani. Hayo yakivuja, unene wa chuma ni wa kujifariji.

Mfano wangu wa kwanza ni Zhang Zuolin, mbabe wa kivita aliyeishika Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na kwa muda akatawala akiwa Beijing. Mwanzoni mwa Juni 1928, majeshi ya hasimu wake wa Kichina, Chiang Kai-shek, yakiwa yanakaribia, alipanda treni usiku kurudi Mukden, mji ambao siku hizi ni Shenyang. Njia ilikuwa na askari wake karibu kote. Pengo lilikuwa karibu na Huanggutun, mahali reli yake ilipopita chini ya daraja la reli ya Wajapani, na ulinzi wa daraja hilo ulikuwa mikononi mwa Wajapani wenyewe. Maofisa wa Jeshi la Kwantung, yaani jeshi la Japani lililokuwa Manchuria, kinara wao akiwa Kanali Komoto Daisaku, walitega baruti pale, huku wakiletewa habari za mwendo wa treni. Alfajiri ya Juni 4 waliilipua ikipita. Zhang alikufa kwa majeraha siku hiyohiyo, na watu wake wakakificha kifo chake kwa zaidi ya wiki mbili ili mwanawe, Zhang Xueliang, apate kujipanga kabla Wajapani hawajapata mwanya. Kumbe kutunza siri waliweza.

Stalin, mtawala wa Muungano wa Kisovieti, alikuwa na dawa yake. Julai 1945, Ujerumani ikiwa imeshasalimu amri, alikwenda mkutanoni Potsdam, jirani na Berlin, kwa treni. Taarifa aliyoandikiwa na Beria, mkuu wake wa usalama, inataja njia ya kilomita 1,923: 1,095 ndani ya Muungano wa Kisovieti, 594 Poland na 234 Ujerumani. Walipangwa wanajeshi 17,000 wa NKVD, idara ya usalama wa ndani, na makachero 1,515. Kila kilomita ilikuwa na walinzi 6 hadi 15, na treni 8 za deraya zilipangiwa kupita huku na huku njiani. Sasa mkulima wa Poland anaamka asubuhi na kukuta askari wamejipanga kandokando ya reli mpaka macho yanapoishia. Anahitaji kuambiwa kuna mkubwa anapita? Ulinzi wa aina hiyo unajipigia mbiu wenyewe. Ulifaulu kwa sababu ya wingi wa bunduki, na ni wachache wenye bunduki za kutosha kupanga hivyo hadi Berlin.

Hitler naye alikuwa na treni iliyoitwa Amerika (mwaka 1943 ikabadilishwa jina, ikawa Brandenburg), ikivutwa na vichwa viwili, na yenye mabehewa ya mizinga ya kutungulia ndege. Pamoja na mizinga yote hiyo, Aprili 1941, wakati wa vita vya Balkan, aliiegesha Mönichkirchen kule Austria, jirani na handaki la reli, ndege zikija iingizwe ndani.

Hodari wa mchezo huu, kwa maoni yangu, alikuwa Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa vita hivyo. Alikuwa akipandia treni chini ya jengo la serikali linalochapa noti, Washington, ambako reli inaingia mpaka ndani na hakuna mpita njia wa kuchungulia. Septemba 1942 alizunguka Marekani kwa wiki mbili akikagua viwanda na kambi za jeshi, na magazeti yakakubali kunyamaza mpaka arudi. Waandishi watatu tu wa mashirika ya habari ndio walioruhusiwa kufuatana naye. Huko Portland, Oregon, binti yake Anna alizindua meli iliyoundwa kwa siku 10, na Roosevelt akawatania maelfu ya wafanyakazi kwamba hapaswi kuwapo pale, na kwamba sasa wao wana siri ambayo hata magazeti hayana. Waliokereka ni wenye magazeti. Walinzi kwa upande wao walikuwa na kero ya mbwa wake, Fala, ambaye treni ikisimama lazima ashushwe akanyooshe miguu. Aliyemwona Fala stesheni alijua nani yumo ndani, ndiyo maana walinzi wakambatiza Mtoa Siri.

Angalieni na tarehe. Safari hiyo ilifanyika kabla behewa lake la deraya, Ferdinand Magellan, halijakabidhiwa; lilikuja Desemba, likiwa na uzito wa tani 129 hivi na vioo visivyopenya risasi vya unene wa sentimita 7 na ushee. Hata baada ya kulipata hakuacha ujanja. Januari 1943, akienda kukutana na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, huko Casablanca, Morocco, treni ilianza kwa kuelekea kaskazini, kana kwamba anakwenda nyumbani kwake Hyde Park, jimbo la New York, kisha ikageuzwa kusini hadi Miami kwenye ndege. Wahudumu wa kawaida wa mabehewa walikuwa wameondolewa, nafasi zao zikashikwa na Wafilipino wa jeshi la majini. Mpishi na mtandika vitanda wanajua mengi kuliko jenerali.

Najua mtu atanitajia Biden, aliyekuwa Rais wa Marekani. Februari 20, 2023 aliingia Kyiv, mji mkuu wa Ukraine iliyokuwa vitani na Urusi, kwa treni ya usiku kutoka Przemyśl, Poland, safari ya takriban saa 10, na Washington yenyewe ilisema iliwaarifu Warusi saa chache kabla hajaondoka. Siri gani hiyo adui ameshapewa taarifa? Lakini waandishi wawili waliofuatana naye walinyang'anywa simu, na raia wa Ukraine walilala bila habari. Moscow iliarifiwa ili pasitokee ajali ya kuzianzisha vita dola mbili zenye nyuklia. Wengine wote walifichwa kama kawaida, isipokuwa watu wa reli, maana treni haipiti bila mtu wa kuifungulia njia. Mkuu wa shirika la reli la Ukraine wakati huo, Oleksandr Kamyshin, aliomba radhi kwamba siku hiyo ni asilimia 90 tu ya treni zake zilizokwenda kwa saa, kwa kuwa nyingine zilisimamishwa kumpisha mgeni. Takwimu hiyo aliitoa mgeni akiwa ameshavuka mpaka.