Usikubali Fundi Azibe Mipira ya Vakyumu kwa Bolti

Wiki hii msomaji mmoja wa Lang'ata ameniandikia akiuliza kama aukubali ushauri wa fundi wake, ambaye ameitazama mipira ya vakyumu, ile myembamba inayobeba mvuto wa injini, iliyotapakaa juu ya injini ya Suzuki yake ya zamani na kumwambia kwamba yote ni ya kupunguza moshi tu, haina faida huku kwetu, na kwamba ikizibwa gari litatulia. Jibu langu ni hapana. Nalitoa nikiwa bado na uchungu, kwa sababu gari langu lilifanyiwa hivyo hivyo katika gereji moja ya hapa mjini, na nikailipia kazi hiyo.

Langu pia ni Suzuki, ya lita 1.3 na kabureta, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa na mfumo kamili wa kudhibiti moshi. Lilikuwa likitetemeka na kutaka kuzimika kila niliposimama kwenye taa. Gereji hiyo iliichomoa mipira kadhaa, ikaiziba kwa bolti, ikakaza skrubu ya kabureta ili injini ingurume kwa kasi zaidi, nami nikaambiwa gari limepona. Nilipolipandisha kutoka Mai Mahiu kuelekea Kimende, injini ilianza kugonga kama changarawe ndani ya mkebe. Sababu yake inaeleweka vizuri: vali ya EGR, mojawapo ya vifaa vinavyoendeshwa na mipira hiyo, hurudisha sehemu ndogo ya moshi wa egzosi ndani ya silinda ili kupunguza joto la mwako, na ikifungwa joto hupanda, petroli huweza kuwaka ovyo injini inapobeba mzigo, na oksidi za nitrojeni zinazotoka huongezeka. Kwa hiyo si kweli kwamba vitu hivyo havina kazi huku kwetu.

Niliamua kulitengeneza mwenyewe, na ninajivunia kwamba nililimaliza. Kifaa cha kwanza nilichonunua kilikuwa geji ya vakyumu, yaani ya kupimia mvuto wa injini, na hapa naomba kila mwenye gari la kabureta anayeishi Nairobi asome kwa makini. Vitabu vya matengenezo husema kwamba injini nzima, ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini kipimo hicho ni cha usawa wa bahari. Hupungua karibu inchi moja kwa kila futi 1,000 unazopanda, na mji wetu uko juu ya futi 5,500, hivyo inchi 12 hadi 15 si ugonjwa. Niliwahi kuambiwa kwamba ringi za pistoni zimekwisha kwa sababu tu sindano ilisimama kwenye 14. Injini hiyo haijafunguliwa hadi leo na inavuta vizuri. Ni watu wangapi wamefunguliwa injini kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi? Ukiteremka na geji hiyo hiyo hadi Magadi utaiona sindano ikipanda bila kubadilisha chochote.

Baada ya hapo nilitafuta mchoro wa mipira, ambao katika magari mengi ya aina hii umebandikwa chini ya boneti, nikaufuata mpira mmoja baada ya mwingine, kutoka mwisho hadi mwisho, bila kuchomoa wa pili kabla ya kuurudisha wa kwanza. Chanzo cha mtetemo kilikuwa wazi: mpira wa EGR, kabla ya kuzibwa, ulikuwa umeunganishwa moja kwa moja na manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa kwenye silinda, ilhali mchoro unautaka utoke kwenye tundu la kabureta lililo juu kidogo ya kipepeo, kile kibamba kinachofunguka ukikanyaga mafuta, mahali ambapo mvuto hutokea tu unapokanyaga mafuta. Mvuto wa manifoldi uko wakati wote, kwa hiyo vali ilikuwa ikifunguka hata gari likiwa limesimama, na moshi ukiingia wakati huo injini hukosa pumzi. Kosa la pili lilikuwa kwenye mpira wa distribyuta, uliopasuka chini ya klipu mahali ambapo jicho halifiki, na taimingi, yaani wakati wa kuwasha cheche, haikuwa ikisogea mbele ipasavyo.

Kupata ufa wa namna hiyo, watu wengi hupulizia dawa ya kusafishia kabureta, ambayo hushika moto upesi, karibu na egzosi ya moto, jambo ambalo nalikataza kabisa. Tumia bomba la sindano lililojaa maji, udondoshee maji kidogo kwenye kila kiungo huku injini ikinguruma, na usikilize mlio utakapobadilika. Vali ya EGR nayo hupimwa kwa pampu ya mkono: ivute injini ikiwa ya moto na ikinguruma, nayo injini iyumbe au izimike, kisha sindano ya pampu ikae palepale, kwani ikishuka, dayaframu, ile ngozi nyembamba ya ndani ya vali, imetoboka.

Ndugu zangu, tunatembea na watoto wetu kando ya Mombasa Road na Waiyaki Way, na moshi tunaouachia ndio tunaouvuta. Mwenye gari la zamani ana wajibu uleule alio nao mwenye gari jipya, na mipira yenyewe huuzwa kwa mita katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kabureta mpya.

Utakaponunua, pima kipenyo cha ndani, na usitumie mipira ya silikoni kwenye kopo la makaa linalonasa mvuke wa petroli, kwa maana silikoni haistahimili petroli. Huko weka mpira wa mafuta. Kabla ya kuutupa mpira wowote wa zamani, ubonyeze kwa vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu baadhi yake huficha ndani kipande kidogo chenye tundu jembamba la kupunguza mvuto, ambacho lazima kihamie kwenye mpira mpya. Vali ndogo za plastiki zenye rangi mbili zipige picha kabla ya kuzichomoa, kwani zikigeuzwa upande hazifanyi kazi iliyokusudiwa.